Utahama Lini, na Kwenda Wapi?

Kila mwaka, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ikishatoa majina ya waliodahiliwa katika chuo zaidi ya kimoja, simu yangu hujaa swali lilelile. "Shikamoo mwalimu, nimepata Mlimani, SUA na Mzumbe. Nithibitishe wapi?" Namuuliza kila mmoja: umepata kozi zipi? Hapo wengi hunyamaza. Wapo wanaolazimika kufungua tena akaunti zao waangalie walipangiwa nini. Kisha hunipa jibu linalonichosha kuliko swali lenyewe: "Kozi yoyote tu mwalimu, nitabadilisha nikishafika."

Ukiwauliza nani kawaambia, utasikia ni binamu, au kaka wa jirani, au mhudumu wa steshenari aliyewajazia fomu za maombi. Wakati mwingine, na hili ndilo linaloniudhi, ni mwalimu wao wa sekondari. Ingia kwanza, huambiwa, huko ndani kuna njia. Mwaka huu nimeamua kuijibu kauli hiyo kwa kirefu mara moja, ili atakayepiga simu nimwelekeze hapa.

Mchukue kijana mwenye PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) anayetaka udaktari wa binadamu. Pointi zake hazikufua dafu kwenye ushindani wa Muhimbili. SUA wamempa Shahada ya Tiba ya Mifugo, miaka mitano. Mlimani, yaani kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), wamempa shahada inayohusu wanyamapori. Anathibitisha Mlimani, kwa hoja kwamba akishakuwa mwanafunzi wa "UD" atahamia udaktari. Hajajiuliza jambo la kwanza kabisa: udaktari wa UD unasomewa wapi? Muhimbili ilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini tangu 2007 ni chuo kikuu kinachojitegemea, chenye udahili wake. UDSM inafundisha udaktari, ni kweli, ila kwenye ndaki yake ya Mbeya. Pale Mlimani anapopapigia hesabu hakuna darasa la udaktari la kuhamia. Kaacha taaluma yenye leseni, chini ya Baraza la Veterinari, akafuata mlango ambao haupo. Ni sawa na kupanda daladala la Mbagala ilhali unakwenda Mbezi, kisha ukategemea dereva atabadili njia kwa ajili yako.

Haya, tuseme anataka kuhamia Muhimbili kwenyewe, au Bugando, au KCMC. Atakuonyesha mwongozo wa TCU: aliyemaliza kidato cha sita anatakiwa awe amefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia, asipungue D katika kila somo, na pointi zisipungue 6. D moja ni pointi 2, kwa hiyo hata mwenye D tatu anatimiza. "Mwalimu, sifa ninazo." Anazo, simbishii. Lakini sifa hizo ni za chini kabisa, na kazi yake ni kumpa haki ya kuomba, basi. Baada ya hapo waombaji wote wenye sifa hupangwa kuanzia mwenye pointi nyingi kushuka chini, na mstari hukatwa nafasi zinapoisha. Yeye alikuwa chini ya mstari. Miezi miwili baadaye amekaa kwenye chuo kingine na pointi zake ni zilezile, darasa limejaa watu waliomzidi, na nje wapo wengi waliokataliwa wakiwa na alama bora kuliko zake. Afisa udahili gani atampitisha yeye na kuwaruka hao? Atawajibu nini wakija na vyeti vyao mezani?

Hiki ndicho wasichokielewa wanaotoa ushauri wa vichochoroni. Kuhama kozi kupo, na vyuo vina utaratibu wake. Dirisha hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka wa masomo na kufungwa baada ya muda mfupi. Lakini masharti ni mawili na hayakwepeki: uwe na sifa za kozi unayoitaka, na kozi hiyo iwe na nafasi. Kozi zenye nafasi zilizobaki ni zile ambazo watu hawakuzikimbilia. Ndiyo maana uhamisho unaofanikiwa, kwa sehemu kubwa, ni wa kuteremka. Mtu wa uhandisi aliyeona hesabu zinamzidi atapokewa kwenye ualimu wa hisabati. Aliyepangiwa akiolojia akitaka sheria atajibiwa kwa upole kwamba maombi yake yamepokelewa, na hatasikia kitu tena.

Binamu aliyehama na kufanikiwa yupo, sisemi ni hadithi ya kutunga. Mwulize alitoka wapi kwenda wapi. Ukipata jibu la kweli utagundua aliteremka, au alihamia programu iliyoanzishwa mwaka huohuo ambayo haikujaa, au alama zake zilitosha tangu mwanzo ila alikosea kupanga machaguo. Hao wa tatu ndio wenye hoja. Wengine wote waliobaki kwenye kozi wasizozitaka hawasimulii kokote, kwa hiyo huwasikii. Unawaona mwaka wa pili wakiwa na masomo ya kurudia mkononi, mwaka wa tatu wakiomba kuahirisha, na wengine wanadisko. Siyo kwamba hawana akili. Ni vigumu kuamka kila siku kusoma kitu ambacho ulikiona kama chumba cha kusubiria.

Kuna wanaodhani kwamba wakishindwa kuhama ndani ya chuo, watahama chuo kizima na masomo yao yatahesabiwa. Yanahesabiwa yanapofanana. Mwaka mmoja wa sosholojia hauhesabiki kwenye uhasibu. Unaanza mwaka wa kwanza upya, na hapo ndipo Bodi ya Mikopo inapoingia. Mkopo wako ulipangwa kwa chuo na kozi uliyothibitisha. Fedha zilizolipwa mwaka ule uliopotea hazifutwi kwa sababu ulibadili mawazo. Zinabaki deni, na ukipata ajira utakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi hadi liishe, pamoja na mwaka ule ambao hukuvuna kitu.

Wazazi nao wana toleo lao la imani hii, nalo ni kwamba jina la chuo ndilo litakalompa mtoto kazi. Naomba wafungue tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira. Litasema shahada ya fani fulani, kutoka chuo kinachotambuliwa. Linataja fani kwanza. Kisha wanaoitwa hufanya mtihani uleule wa mchujo, wawe wametoka Mlimani au Mbeya, na siku hizi hata walimu wamo kwenye utaratibu huo. Anayetaka kuwa wakili atafanya mitihani ya Shule ya Sheria kwa Vitendo pamoja na wenzake wa vyuo vyote. Mwenye shahada ya sheria ya Mzumbe anaruhusiwa kuingia mlango huo, na mwenye shahada ya sayansi ya siasa ya Mlimani haruhusiwi, hata akija na barua ya mkuu wa mkoa. Mhandisi atasajiliwa na bodi ya wahandisi, mhasibu atafanya mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA. Bodi hizi zinauliza umesoma nini.

Na kwa wanaoabudu jina hilo, nina kichekesho kimoja. Kila msimu nakutana na kijana anayekataa nafasi ya ualimu Mkwawa, Iringa, kwa sababu "siyo UD", akachukua kozi asiyoipenda Mlimani kwa sababu ndiyo UD. Mkwawa na Chang'ombe ni vyuo vikuu vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Shahada wanayotunukiwa wahitimu wake ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kijana amelikimbia jina alilokuwa akilifukuzia.

Sisemi vyuo vyote ni sawa. Mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo kadhaa kudahili wanafunzi wapya kwa kasoro za ubora, na wazazi waliokuwa na watoto huko hawajasahau. Hofu ya chuo usichokijua ina msingi. Dawa yake ni kusoma mwongozo wa TCU wa mwaka unaoomba, siyo kukimbilia chuo kikubwa uingie kwenye kozi yoyote.

Basi uchague vipi? Panga kozi kwanza. Ukishapata kozi moja unayoweza kuisoma miaka mitatu, minne au mitano bila kutafuta mlango wa kutokea, ndipo ulinganishe vyuo vinavyoitoa. Kama kozi ni ileile, chukua chenye mahali pa kujifunzia kwa vitendo: kwa udaktari tazama hospitali iliyoungana na chuo, kama Bugando kule Mwanza au KCMC Moshi, kwa misitu na mifugo SUA wana misitu ya mafunzo na mashamba, kwa upimaji ardhi na mipango miji, Chuo Kikuu Ardhi wamezaliwa humo. Kozi inayolingana, mafunzo yanayolingana? Sasa chukua chenye jina, ruksa.

Kisha piga hesabu ya kuishi, jambo ambalo vijana hulipuuza hadi Novemba. Kiwango cha juu cha boom, yaani fedha za chakula na malazi za Bodi ya Mikopo, ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23, na hakipandi kwa sababu umepanga Sinza badala ya Iringa. Uliza kama chuo kina hosteli na kama mwaka wa kwanza wanapewa kipaumbele. Ukikosa hosteli Dar es Salaam, kodi ya chumba na nauli vitaila hiyo elfu kumi kabla hujanunua wali maharage. Angalia pia ada ya kozi yenyewe, maana mkopo hutolewa kwa kiwango cha asilimia, na pengo analijaza mzazi.

Kwa wachache wenye barua kutoka vyuo vya nje ya nchi, au walioitwa kwenye usaili wa ufadhili, swali baya ni jingine: "Mwalimu nitumie maswali na majibu ya usaili." Sina, na anayekuuzia hana. Huo mkusanyiko wa kurasa unaozunguka WhatsApp unawafanya watahiniwa kumi waseme kwa maneno yaleyale kwamba wamekuwa na ndoto ya kuisaidia jamii tangu utotoni, na anayewasikiliza huacha kuandika. Usaili wa Oxford, ambao hufanyika Desemba na sasa ni kwa mtandao, huendeshwa na wahadhiri wa somo lenyewe. Watakupa grafu au kifungu cha maneno ambacho hujawahi kukiona, watazame unavyofikiri, wakupe dokezo, waone kama utalitumia. Jibu la kukariri halina pa kuingia hapo. Jiandae kwa kuchukua swali gumu la somo lako na kulifanya kwa sauti mbele ya mtu anayekukatiza. Shule nyingi za udaktari za Uingereza zina vituo vya dakika chache chache: hapa mpe mgonjwa habari mbaya, pale toa hoja kuhusu haki ya mgonjwa. Jizoeze na saa. Kwa ufadhili, jua kila ulichokiandika kwenye fomu, kwa sababu ndicho utakachoulizwa. Kama fomu iliandikwa na mtu mwingine, usaili ndipo mtakapoachana. Kumbuka pia huwezi kuomba Oxford na Cambridge kwa mwaka mmoja, na kwamba kati ya machaguo matano ya mfumo wa Uingereza, ya udaktari ni manne tu. Kabla ya kumlipa wakala yeyote wa vyuo vya nje, angalia kama amesajiliwa na TCU, na uombe TCU cheti cha kutokuwa na pingamizi kabla ya kukata tiketi.

Mwisho ni suala la kuthibitisha, maana kuna wanaokosa kila kitu hapa. Anayethibitisha ni aliyepata chuo zaidi ya kimoja. Kama umepata kimoja, acha kunipigia ukidai namba ya siri ya kuthibitisha haijafika, kwa sababu haitafika. Wenye vyuo viwili na zaidi hupokea namba hiyo kwa ujumbe wa simu au barua pepe waliyojisajili nayo, kisha huiingiza kwenye akaunti ya chuo wanachokitaka kabla dirisha halijafungwa. Bodi ya Mikopo haikupangii fedha ukiwa umesimama kwenye vyuo viwili. Kama mhudumu wa steshenari alijaza namba yake badala ya yako, mfuate leo, na kama simu yake haipatikani, andikia kitengo cha udahili cha chuo ukiwa na namba yako ya mtihani wa kidato cha nne na cha sita. Na mtu akikupigia akitaka umtajie hiyo namba ya siri ili "akusaidie kuthibitisha", mkatie simu.