Palahala wa Shimba na Mnyama wa Pembe Moja

Katika bunilizi za kisayansi, yaani hadithi ambazo maajabu yake hutakiwa kuwa na sababu zinazoafikiana na kanuni za maumbile, farasi wa pembe moja hawezi kuzuka kwa uchawi, bali sharti awe na mifupa, malisho na ukoo. Mwandishi wa Diani au Msambweni anayetaka kumbuni mnyama huyo ana kielelezo bora karibu naye, nacho ni palahala, aina ya swala mkubwa ambaye kwa Kenya nzima huishi porini katika hifadhi ya Milima ya Shimba pekee, kando ya mji wa Kwale. Dume lake ni jeusi, lina tumbo jeupe na pembe ndefu zilizopinda kuelekea mgongoni, na likitazamwa kwa ubavu pembe moja huificha ya pili kabisa.

Pembe hiyo ni kiini cha mfupa kilichovikwa ala ya keratini, protini ileile inayounda kucha. Chipukizi lake huanzia kwenye ngozi, kisha hushikamana na fuvu. Kwa sababu hiyo Franklin Dove wa Chuo Kikuu cha Maine, Marekani, aliweza mwaka 1933 kuhamishia machipukizi mawili ya ndama mchanga katikati ya paji, yakaungana na kuota pembe moja. Basi umbo lenyewe si muhali.

Kizito zaidi ni mwenendo. Madume ya palahala yanaposhindana hupiga magoti na kuzinganisha pembe, yakapimana nguvu mpaka moja lisalimu amri, mara nyingi bila kuuana, ilhali pembe moja iliyonyooka haina pa kunasia ya mpinzani na kila pambano lingeelekea kuwa la kuchomana. Jamii ya wanyama hao ingehitaji njia nyingine ya kuamua nani atawale kundi, na hapo ndipo penye hadithi yenyewe, kuliko kwenye pembe.

Upweke nao una nafasi yake. Palahala wa Shimba ni wachache, wamezungukwa na mashamba na makazi, na katika kundi dogo namna hiyo sifa adimu ya kurithi yaweza kuenea upesi, iwe pembe ya ajabu au udhaifu wa mwili. Tena malisho yao hudumishwa kwa moto unaowashwa kwa mpango, kwani nyasi zikiachwa vichaka huzimeza; mwandishi akimhamishia mnyama wake sayari ya mbali, itambidi aamue ni nani huko atakayewasha moto huo.