Gari la Zahanati Linapokataa Kuwaka Wakati wa Joto



Maombi ya fedha za matengenezo yanayofika ofisi ya miradi miezi ya Oktoba na Novemba hufanana: gari limekataa kuwaka, tunaomba betri mpya. Si jambo dogo. Gari likizimwa saa saba mchana kwenye kliniki ya mkoba na kugoma hadi jioni, mama mjamzito aliyepewa rufaa anasubiri, na chanjo zilizo kwenye sanduku la baridi zinaendelea kupata joto. Lakini betri siyo mkosaji kila mara.

Dereva aanze kwa kusikiliza. Je, stata inazungusha injini, au haizungushi? Swali hili halina gharama, nalo linaonyesha upande wa kutafuta.

Kama haizungushi, au inazungusha kwa uvivu, tatizo huwa ni la umeme. Taa zikififia sana wakati wa kupiga stata, kagua betri na vichwa vyake. Betri nzima iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 hivi, wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Joto hukausha maji yake, kwa hiyo yakaguliwe kila wiki, na yaongezwe maji safi ya betri, si ya kisima. Taa zikibaki na nguvu na stata ikalia "ta!" mara moja tu, mara nyingi vipande vya shaba vilivyo ndani ya otomatiki ya stata vimelika. Nyaya za shaba zikipata moto hupitisha umeme kwa shida zaidi, ndiyo maana stata iliyochoka huweza asubuhi na kushindwa mchana. Vipande hivyo hubadilishwa bila kununua stata nzima.

Kama injini inazunguka vizuri lakini haishiki mpaka ipoe, hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Kwa Land Cruiser za dizeli zenye injini ya 1HZ, mimi hushuku kwanza pampu ya dizeli. Dizeli ya moto huwa nyepesi. Pampu iliyolika huivujisha humo humo ndani, na presha haitoshi kufungua nozo. Funika pampu kwa kitambaa kilicholowa maji, subiri kama dakika 15, kisha jaribu tena. Gari likiwaka ilhali injini bado ni ya moto, pampu imejitaja yenyewe. Usiimwagie maji baridi, maana chuma kikipoa ghafla pampu inaweza kukwama. Kazi hii ni ya fundi mwenye mashine ya kupimia pampu, si ya chini ya mwembe. Plagi za kupasha moto hazihusiki, kwani kazi yake ni kusaidia injini iliyopoa, ingawa ndizo wenye maduka hupenda kutuuzia kwanza.

Magari ya petroli yenye dalili hiyo yapimwe koili na sensa ya krenki yakiwa bado ya moto. Yakishapoa, kipimo kitasema kila kitu ni kizima.

Tunaomba kila ombi la matengenezo liambatane na maelezo mafupi ya dereva: stata ilizunguka au la, taa zilikuwaje, na gari lilikaa muda gani kabla ya kuwaka. Wafadhili wanaouliza kwa nini gari moja linanunuliwa betri mbili kwa mwaka wana haki ya kupata jibu.