MTV: chaneli iliyofundisha dunia kutazama muziki, kisha ikauacha

Jumatano tarehe 31 Desemba 2025, wakati watu walikuwa wanangojea Mwaka Mpya, chaneli tano za muziki za MTV zilizimwa Uingereza: MTV Music, MTV 80s, MTV 90s, Club MTV na MTV Live. MTV Music iliaga watazamaji na wimbo "Video Killed the Radio Star" wa kundi The Buggles. Ni wimbo ule ule uliofungua MTV huko Marekani mwaka 1981.

Habari ilizunguka haraka kwenye simu, na wengi waliandika kwamba MTV imekufa. Si hivyo kabisa. Chaneli kubwa ya MTV ilibaki hewani, Marekani na Uingereza pia. Lakini yenyewe ilikwisha kugeuka zamani kuwa chaneli ya vipindi vya maisha ya vijana na mapenzi yao. Kilichozimwa ni muziki.

Klipu za bure

MTV ilianza usiku wa tarehe 1 Agosti 1981. Usiku ule wakaaji wengi wa New York, mji wenye makao yake, hawakuweza kuiona, sababu haikupatikana kwenye kebo zao. Wafanyakazi walivuka mto hadi New Jersey na kuitazama kwenye restora.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Kampuni za muziki zilitoa klipu bure ili ziuze sahani na kaseti. Chaneli ilihitaji tu watangazaji vijana watano, studio moja, na matangazo ya biashara ya kulipa gharama. Waingereza, waliokuwa na klipu nyingi kuliko Wamarekani, walifaidika mapema. Baada ya muda mfupi, mwanamuziki asiye na klipu alionekana kama hayupo.

Mlango haukuwa wa wote

Miaka ya kwanza, wanamuziki Weusi walionekana kwa nadra sana. Viongozi wa chaneli walijitetea kwamba yao ni chaneli ya roki. Rick James alilalamika hadharani. Mwaka 1983, David Bowie, Mzungu wa Uingereza, alimgeuzia mtangazaji wa MTV maswali katikati ya mahojiano, akitaka aeleze kwa nini Weusi ni wachache hivyo.

Mwaka huo huo klipu ya "Billie Jean" ya Michael Jackson ilipita. Mkubwa wa CBS Records, Walter Yetnikoff, alisimulia baadaye kwamba alitishia kuondoa klipu zote za kampuni yake kama Jackson angekataliwa. Upande wa MTV ulikanusha. Vyovyote ilivyokuwa, mwezi Desemba ilifuata "Thriller", klipu ya dakika karibu 14, na chaneli iliyosita kuwaonyesha Weusi ikapata umaarufu mkubwa kupitia kwao. Mwaka 1988 ilianzisha "Yo! MTV Raps", kipindi kilichoingiza rap katika nyumba ambazo hazikuijua.

Pesa zilikuwa pengine

Klipu ina kasoro moja kwa mfanyabiashara: wimbo usiompendeza mtazamaji ukianza, anabadilisha chaneli. Mwenye matangazo anataka mtu akae nusu saa nzima.

Mwaka 1992 MTV ilipata dawa. "The Real World" iliweka vijana saba wasiojuana katika nyumba moja New York na kamera zikawafuata. Hakukuwa na waigizaji wa bei kali, na watu walirudi kila wiki kuona nani amegombana na nani. Kidogo kidogo vipindi vya namna hiyo vilikula saa za muziki. YouTube ilipozaliwa mwaka 2005, klipu hazikuhitaji tena kusubiriwa kwenye televisheni. Mwaka 2010 MTV iliondoa maneno "Music Television" kwenye alama yake.

Afrika ilifika jioni

Bara letu liliingia wakati mambo yanageuka. MTV Base ya Afrika ilifunguliwa Februari 2005, ikiwa chaneli ya 100 ya MTV duniani. Klipu yake ya kwanza ilikuwa "African Queen" ya Mnigeria 2Face Idibia. Channel O ya Afrika Kusini ilikwisha kutangulia katika kazi hiyo.

Hata hivyo, mlango huo ulisaidia. Kwenye tuzo za MTV za mwaka 2010 huko Lagos, Fally Ipupa alipata tuzo ya klipu bora kwa "Sexy Dance". Mkongomani anayeimba kwa Kilingala aliwashinda wengine mbele ya watazamaji wa Kiingereza, katika mji mkubwa wa washindani wake.

Leo kijana wa Goma au Bukavu hahitaji kumwomba mkubwa yeyote wa chaneli. Anapiga klipu na simu, anatafuta mega, anaipandisha mwenyewe. Hakuna wa kumwambia kwamba muziki wake si wa hapa. Hiyo ni faida, na wale waliokataliwa miaka ya 1980 wangeipokea kwa mikono miwili.

Lakini gharama zimehama. Zamani kampuni ililipia klipu na chaneli iliitangaza. Sasa mwanamuziki analipa mpiga picha, analipa mega, tena anatafuta watazamaji mmoja mmoja kati ya mamilioni ya klipu nyingine. Na mtazamaji, kila mtu na simu yake, anaonyeshwa zaidi yanayofanana na aliyoyatazama jana.

MTV ilikuwa na mlango mwembamba na walinzi wasio na haki. Ila aliyepita pale, watu wote waliokaa mbele ya televisheni walimwona kwa saa moja, pamoja na wale ambao hawakuwa wanamtafuta.