Kusahihisha uongo wa kisiasa: husaidia kwa kiasi gani?

Uchaguzi Mkuu wa 10 Agosti 2027 unapokaribia, jumbe za kisiasa zisizo za kweli zitazidi kusambaa katika makundi ya WhatsApp, kuanzia Mwingi hadi Wote. Je, kuzisahihisha kunasaidia?

Ndiyo, ila kwa kiasi. Watafiti Ethan Porter na Thomas Wood walifanya majaribio katika nchi nne, zikiwemo Nigeria na Afrika Kusini. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha kuwa waliosoma masahihisho walipunguza kuamini uongo, na mara nyingi athari hiyo ilidumu zaidi ya wiki mbili.

Hata hivyo, kukubali ukweli si kubadili msimamo. Nchini Marekani, utafiti kuhusu kampeni za 2016 uligundua kuwa wafuasi wa mgombea walikubali amekosea, lakini hawakuacha kumuunga mkono. Hiyo ni haki yao. Masahihisho hayamwambii mtu ampigie nani kura. Humwezesha kuamua akiwa na taarifa sahihi.

Ipo hatari nyingine. Anayeonywa kila siku kuhusu uongo, bila kuonyeshwa ukweli ulipo, huanza kutilia shaka hata habari za kweli. Dawa yake ni ushahidi anaoweza kuukagua mwenyewe.

Mwaka 2022, tume ya uchaguzi, IEBC, ilifungua tovuti ya Fomu 34A, zenye matokeo ya vituo 46,229. Vyombo vya habari vilipojumlisha fomu hizo kwa mpangilio tofauti, hesabu zao zilipishana na uvumi ukaenea. Baadaye ilidaiwa mahakamani kwamba fomu zilibadilishwa. Tarehe 5 Septemba, Mahakama ya Juu ilisema ukaguzi haukupata tofauti kubwa kati ya fomu za tovuti na nakala halisi.

Nakala ya fomu hiyo hubandikwa pia mlangoni pa kituo. Mkazi wa Mutomo au Kibwezi aliyeipiga picha angeweza kuilinganisha mwenyewe na ile ya tovuti.

Kwa hivyo, ukipokea ujumbe wenye shaka, usiusambaze kabla ya kuuhakikisha. Tafuta stakabadhi asili, au uangalie kama Africa Check au PesaCheck wameukagua. Ukimsahihisha jirani, anza na ukweli, mwonyeshe ushahidi, wala usimkejeli. Baada ya wiki chache mkumbushe tena, kwa kuwa masahihisho husahaulika.