Marejeo ya ndani katika hati za XML

Mwandishi aandikapo «tazama sura ya 4» kwa mkono wake hujitegea mtego: ikiongezwa sura moja mbele, namba zote hupotoka, na fundi asomaye mwongozo wa mashine hufungua ukurasa usiohusika. XML, iliyoidhinishwa na shirika la W3C mwaka 1998, yawezesha kutaja jina badala ya namba. Katika DocBook, sura hupewa kitambulisho kwa sifa xml:id; kisha elementi xref hukitaja katika sifa linkend, na programu ya uchapaji huandika namba yenyewe.

Kitambulisho kisianze kwa tarakimu, wala kisirudiwe katika hati moja. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Sura za waandishi mbalimbali, kila moja ikiwa na «utangulizi» wake, huwa sahihi zikipimwa peke yake, lakini zikiunganishwa hugongana. Kinyume chake, sura inayorejea nyingine hukataliwa na programu ya uhakiki ikipimwa peke yake, ingawa mwandishi hakukosea. Basi ziunganishwe kwanza kwa XInclude, ndipo zihakikiwe. Tena jina lifuate maana, kama «kusafisha-pampu», si «sura-4», kwa kuwa sura hiyo kesho yaweza kuwa ya 5.