Laini mbili, betri moja: kwa nini simu inachoka mapema na malipo yanakwama

Saa moja jioni, steji imejaa, makanga ametaja nauli na nambari ya Till imebandikwa hapo dirishani. Unatoa simu, unakuta betri iko asilimia tatu. Asubuhi uliitoa kwa chaji ikiwa imejaa, na mchana hukutazama hata video moja. Ukimuuliza fundi atakuambia betri imezeeka, na pengine ni kweli. Lakini kama simu yako ni ya laini mbili, kuna kazi inayofanyika humo ndani siku nzima ambayo ni wachache huambiwa. Kazi hiyo hiyo ndiyo wakati mwingine hukwamisha malipo hata kama pesa iko na mtandao uko.

Wakenya wengi tuna laini mbili kwa sababu zetu. Moja ni ya pesa na simu za watu wa nyumbani, nyingine ni ya bando za bei nafuu. Mwenye duka ana ya biashara na ya kwake. Tangu 2018 imekuwa rahisi kutuma pesa moja kwa moja kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, lakini ile laini ya pili haijatoka. Imezoeleka.

Simu ikiwa mfukoni haijalala

Ukiwasha simu, kila laini hujitambulisha kwa mtandao wake. Ndani ya kadi kuna ufunguo wa siri ambao hautoki nje kamwe. Mtandao huuliza swali, kadi hutumia ule ufunguo kutoa jibu, na mtandao ukiridhika huandika uko eneo gani, ili mtu akikupigia ijulikane utafutwe kwenye minara ipi (ama busta, kama wengi wetu tunavyoziita).

Baada ya hapo simu hulala, lakini ni usingizi wa mang'amung'amu. Kwenye 4G huamka karibu kila sekunde, wakati mwingine hata mara kadhaa kwa sekunde, kusikiliza kama kuna simu au ujumbe wake. Inapima nguvu ya mnara inaoutumia na ya minara jirani, ili ukisogea ihamie ule ulio bora. Ukitoka eneo moja na kuingia lingine, inaripoti. Hata ukikaa kiti kimoja kutwa nzima, bado huripoti kila baada ya muda uliowekwa na mtandao, kusema tu kwamba ipo.

Sasa zidisha hiyo kazi mara mbili. Ukiwa na laini mbili za mtandao mmoja na unasafiri kutoka Thika hadi Nairobi, zote ziko mfuko mmoja, gari moja, zinapita minara ileile. Lakini kila moja inapima kivyake, inasoma matangazo ya mnara kivyake na kuripoti kivyake. Ni kama watu wawili wa nyumba moja kwenda duka moja, kila mtu kwa wakati wake, kuuliza bei ya unga uleule.

Wahandisi wanaliona hili ni uharibifu, na suluhisho wanalopendekeza ni la akili ya kawaida: laini moja ipime na kusoma matangazo, halafu impe mwenzake majibu. Hapo betri inapumua, na mtandao nao unapunguziwa mazungumzo ya bure. Lakini si kila kitu kinaweza kuunganishwa. Kila kadi ina ufunguo wake, kwa hivyo lazima kila moja ijitambulishe yenyewe. Isitoshe, kwa mtandao hizo ni simu mbili tofauti kabisa. Bonyeza *#06# uone: simu ya laini mbili ina nambari mbili za IMEI.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, mla betri mkubwa ni ile laini moja yenye mtandao mbaya. Mnara ukiwa mbali, simu inabidi ipaze sauti. Simu ya 2G kwenye masafa ya 900 inaweza kupandisha nguvu hadi wati 2 ili isikike. Na mtandao ukipotea kabisa, laini hiyo huanza kutafuta, inatulia kidogo, inatafuta tena. Wanaoishi Namanga au Busia wanajua pia ule mchezo wa simu kurukaruka kati ya mtandao wa hapa na wa ng'ambo ya mpaka. Kila kuruka ni kujitambulisha upya.

Hapa ndipo pesa inaingia

Simu nyingi za laini mbili tulizo nazo zina redio moja tu inayogawanywa. Mkiwa hamuongei, zamu zinatosha na zote zinapatikana. Lakini ukipokea simu kwenye laini ya kwanza, ya pili inakuwa kiziwi mpaka ukate. (Baadhi ya simu mpya za bei zinaweza kushughulikia zote mbili kwa pamoja, lakini usikisie kwamba yako ni mojawapo.)

Chukua mfano: uko kwa kaunta ya duka, unaongea na mtu kwenye laini ya bando, na keshia ametuma ombi la malipo lije kwenye laini ya pesa. Ombi la kuingiza PIN halionekani. Keshia anatuma tena. Unakata simu, halafu ombi moja linatokea limechelewa, au mawili yanafuatana.

Tofauti ya kukumbuka ni hii. SMS ya kawaida huhifadhiwa na mtandao na kuletwa laini ikipatikana, ndiyo maana ujumbe wa uthibitisho unaweza kuchelewa lakini ukafika. Menyu ya USSD haihifadhiwi. Kikao kikikatika kimeenda. Nalo ombi la PIN lina muda mfupi, likipitwa linakufa upande wa muuzaji.

Kwa hivyo kutokuona ujumbe si ushahidi kwamba pesa haijatoka. Kata simu, subiri kidogo, angalia salio au taarifa fupi ya akaunti, ndipo uamue kama utalipa tena. Na ombi la pili likitokea wakati la kwanza umeshaweka PIN, likatae kwanza. Kumrudisha mteja aliyelipa mara mbili ni kazi ndefu kuliko kusubiri dakika moja.

Je, nizime laini moja?

Unaweza. Nenda kwa Mipangilio, kisha sehemu ya SIM, uzime ile usiyoihitaji kwa sasa bila kuitoa. Kama uko mahali laini moja haina mtandao kabisa, utaona tofauti kwa betri siku hiyohiyo.

Lakini usizime ile ya pesa na kuisahau. Matapeli wakifanikiwa kuhamisha nambari yako kwenye kadi nyingine, dalili ya kwanza huwa laini yako kupoteza mtandao ghafla. Mwenye laini mbili ana bahati hapa: ukiona ya pesa haina huduma ilhali nyingine iko sawa, na jirani anayetumia mtandao huo ana mtandao, iwashe upya simu, na kama bado, tumia laini ya pili kupigia huduma kwa wateja mara moja. Laini iliyozimwa haiwezi kukupa onyo hilo. Pia laini isiyotumika muda mrefu inaweza kupewa mtu mwingine, pamoja na jumbe za benki zinazokuja kwa nambari hiyo.

Kuna ushauri mwingine unaozunguka, wa kuweka laini ya pili iwe ya 2G pekee ili kuokoa chaji. Kwa laini ya kupokea simu tu, sawa. Kwa laini ya pesa nisingefanya hivyo. Kwenye 2G mtandao huikagua kadi yako, lakini kadi haiwezi kuukagua mtandao, na hivyo mnara bandia unaweza kujifanya wa kweli.

Na kama una kadi za zamani kwenye droo hata hukumbuki ni za nani, piga *106# uone nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.