Mgomo wa Montreal

Mwaka 1976 nchi zaidi ya 20, nyingi za Afrika, zilisusia Olimpiki ya Montreal. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi, wiki chache tu baada ya wanafunzi kuuawa Soweto, na ombi la kuifungia New Zealand lilikataliwa.

Wanariadha walilipa gharama kubwa. Filbert Bayi wa Tanzania, mshikilia rekodi ya dunia ya mita 1,500, hakukimbia; dhahabu ikaenda kwa John Walker wa New Zealand, ambaye Bayi alimshinda Christchurch mwaka 1974. Dhabihu hiyo haikupotea bure: mwaka 1977 viongozi wa Jumuiya ya Madola walikubaliana kupinga michezo na Afrika Kusini, iliyorejea Olimpiki mwaka 1992.